Nani Anamuuliza Nani? Historia Fupi ya Saikolojia na Utafiti, Kutoka Leipzig Hadi Babati

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Babati. Binti wa kaka yangu, aliye mwaka wa kwanza chuo kikuu, alikuja na bahasha ya makaratasi akaniambia, "Shikamoo baba mdogo. Nimepewa zoezi la Mbinu za Utafiti, nisindikize sokoni." Nilimsindikiza. Alikuwa na dodoso la maswali 24 kuhusu wasiwasi na msongo wa mawazo, lililoandikwa kwanza kwa Kiingereza, nalo alikuwa amelitafsiri usiku uliotangulia kwa msaada wa kamusi. Kila swali lilikuwa kauli, na mhojiwa alitakiwa kuchagua moja kati ya majibu matano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa".

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa bibi mmoja muuza mbaazi. Alijibu kwa upole na kwa haraka: nakubali sana, nakubali sana, nakubali sana. Alikubali sana kwamba huwa na wasiwasi mara kwa mara. Maswali sita baadaye, alikubali sana kwamba ni nadra sana yeye kuwa na wasiwasi. Binti akasita. "Bibi, mbona umekubali yote mawili?" Bibi akacheka, akaendelea kupima mbaazi kwa kopo lake. "Mjukuu wangu, watu wa makaratasi nawajua. Ukiwakatalia hawaondoki."

Njiani kurudi nyumbani binti alikuwa amenyong'onyea. Kitabu chake kina jina la jambo lile: ni mwelekeo wa mhojiwa kukubali kila anachoulizwa, nao huhesabiwa kuwa dosari inayotokea upande wa mhojiwa. Nilimwambia kwamba kitabu hakikukosea, ila kimeanza hadithi katikati. Makala haya ni jaribio la kuianza mahali pake. Nayaandika kwa ajili yake, kwa wanafunzi wengine wanaofundishwa Saikolojia ya Utangulizi na Mbinu za Utafiti kama masomo mawili yasiyo na historia, na kwa watumishi wa umma wanaotuma madodoso vijijini kisha wakashangaa majibu.

Watu wa makaratasi

Bibi yule ana umri wa kuwafahamu watu wa makaratasi wa kila aina. Amewaona makarani wa kodi ya kichwa, na baadaye wa kodi ya maendeleo iliyokuja kufutwa mwaka 2003. Amehesabiwa katika sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ameishi wakati wa operesheni za vijiji miaka ya 1970, ambapo daftari la ofisa lilitangulia lori la kuhamisha watu. Miaka ya 1990 wilaya ya Babati ilikuwa na mradi wa usimamizi wa ardhi, LAMP, uliofadhiliwa na Sweden, na kila mradi wa aina hiyo una tathmini zake na madodoso yake. Chuo Kikuu cha Södertörn, pia cha Sweden, kwa miaka mingi kimeleta wanafunzi wake Babati kufanya mazoezi ya uwandani, na katika hazina yake zimo tasnifu kadha wa kadha za shahada ya kwanza zinazohusu mji huu na vijiji vyake: ardhi, kuni, maji, mashamba, maisha ya wanawake.

Silalamiki. Vijana wale walikuja kujifunza, na wengi wao waliandika kwa heshima. Nataka tu msomaji atambue kwamba Babati, mji uliokaa kando ya ziwa lake chini ya mlima Kwaraa, kwenye barabara kuu ya Arusha na Dodoma, haukuanza kuulizwa maswali jana. Umeulizwa kwa zaidi ya vizazi viwili. Majibu yake yamesafiri mbali, na ni machache sana yaliyorudi yakasomwa hapa.

1954: njia mbili za kumtazama mtu

Mihadhara ya Saikolojia ya Utangulizi huanzia Leipzig mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake. Kutoka hapo huja Pavlov na mbwa wake, Freud na kochi lake, Skinner na njiwa wake, Piaget na watoto wa Geneva. Mwanafunzi wa Manyara hufika mwisho wa muhula akiamini kwamba taaluma hii ni mgeni aliyewasili Afrika Mashariki juzi. Ukweli ni tofauti. Afrika Mashariki imo ndani ya saikolojia tangu zamani, kwa ubaya na kwa wema, na mwaka mmoja, 1954, watosha kuonyesha pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni Nairobi. J. C. Carothers alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo aliilinganisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi alitoa ripoti yake nyingine, iliyohusu saikolojia ya Mau Mau. Ripoti hiyo ililichukulia dai la ardhi na uhuru kama tatizo la nafsi ya Mkikuyu aliyeng'olewa katika mila zake bado hajafika kwenye ustaarabu, ikaunga mkono sera ya kuwakusanya watu katika vijiji vilivyosimamiwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji hivyo.

Mwanafunzi wa mbinu za utafiti hahitaji hasira ili kuiona kasoro. Atumie tu alichofundishwa katika wiki ya nne. Sampuli ni ipi? Kwa sehemu kubwa ni wagonjwa waliolazwa, na waliolazwa Mathari mara nyingi walifikishwa huko na polisi, mahakama au waajiri. Hitimisho linamhusu nani? Bara zima. Vipimo vilitengenezwa wapi? Ulaya. Aliyeuliza ana mamlaka gani juu ya aliyeulizwa? Ya kumfungia. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili huko Blida nchini Algeria, alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho wasomaji wetu wanakifahamu kwa tafsiri ya Kiswahili, Viumbe Waliolaaniwa. Wengi hukisoma kama kitabu cha siasa. Sura yake ya mwisho ni somo la mbinu za utafiti: daktari anawapima madaktari wenzake na kuonyesha jinsi hali ya ukoloni ilivyoyazaa magonjwa ambayo sayansi ya mkoloni ilidai ni tabia ya asili.

Upande wa pili ni Uganda. Mwaka huohuo wa 1954 Mary Ainsworth aliwasili Kampala kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi katika Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Jamii, iliyokuwa chini ya mwanaanthropolojia Audrey Richards. Hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho ni daftari, mkalimani, na ridhaa ya akina mama wa Kiganda katika vijiji vilivyo jirani na Kampala. Kwa miezi mingi alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, akirudi tena na tena, akikaa sebuleni, akiwatazama watoto wakinyonya, wakitambaa, wakimkimbilia mama na kumwacha tena ili wakachunguze dunia.

Humo ndimo alimoona jambo ambalo leo limo katika kila kitabu cha utangulizi: kwamba mtoto humtumia mlezi kama kituo cha salama, anakotoka kwenda kuchunguza na anakorudi akiogopa, na kwamba uhusiano huo haujengwi na chakula peke yake, bali na mlezi anayezielewa ishara za mtoto na kuziitikia. Kitabu chake kuhusu watoto wa Buganda kilitoka mwaka 1967. Lakini mwanafunzi wetu hufundishwa habari za Baltimore, ambako Ainsworth alihamia baadaye na kubuni jaribio maarufu la chumba kigeni, ambamo mama hutoka na mtoto huachwa na mgeni kwa dakika chache. Ni nadra kuambiwa kwa nini chumba kile kilihitajika. Watoto wa Baltimore, wakiwa nyumbani kwao, hawakuonyesha waziwazi kile ambacho watoto wa Buganda walikionyesha, kwa kuwa walikwisha kuzoea mama kutoka na kuingia. Maabara ya Marekani ilibuniwa ili kukidhihirisha kile kilichoonekana kwanza mkekani Uganda.

Ainsworth hakuwa malaika, na Uganda ya 1954 ilikuwa chini ya ukoloni kama Kenya. Hata hivyo tofauti ya njia zile mbili ni kubwa. Carothers alianza na jibu, akawatafuta wagonjwa wa kulithibitisha. Ainsworth aliwasili na mawazo aliyoyapata London alikofanya kazi na John Bowlby, kisha akakubali kusahihishwa na alichokiona. Hapo ndipo ilipo maana ya neno utafiti. Na mkalimani wake, ambaye bila yeye hakuna ambacho kingeeleweka, hatajwi katika muhtasari wa kozi yoyote niliyopata kuisoma.

Eyasi: maabara iliyo jirani

Tuje karibu na nyumbani. Kutoka Babati ukielekea Mbulu, kisha ukateremka bonde la Yaeda hadi pwani ya Ziwa Eyasi, utafika kwa Wahadzabe. Ni watu wapatao elfu moja na ushei, na lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Mjerumani Erich Obst aliwafikia mwaka 1911. James Woodburn alianza kuishi nao mwaka 1958. Kuanzia miaka ya 1990 Frank Marlowe na wanafunzi wake waliifanya Eyasi kuwa mojawapo ya sehemu zinazotajwa sana katika sayansi ya tabia za binadamu duniani.

Msomaji asiyefuatilia majarida ya nje atashangaa kusikia ni mangapi yaliyopimwa huko. Wahadzabe wamepimwa namna wanavyolala, nguvu ambazo mwili unatumia kwa siku, mitandao yao ya urafiki, na namna wanavyothamini mali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walionyesha kwamba mwili wa Mhadzabe mzima, pamoja na kutembea kwake kote, hutumia nishati inayokaribiana na ya mtu wa Ulaya au Marekani mwenye umbo kama lake. Coren Apicella na wenzake waligundua kwamba tabia ya kung'ang'ania kitu kwa sababu tu umekwisha kukipata ilionekana kwa Wahadzabe walio karibu na soko na watalii, lakini si kwa walio mbali nao. Vitu vilivyotumika vilikuwa biskuti na viberiti vya gesi. Matokeo haya ni ya maana. Yalitikisa mambo yaliyodhaniwa kuwa maumbile ya binadamu wote.

Lakini kuna jaribio moja ambalo huwa nawapa wanafunzi walijadili. Mwaka 2001 kundi la Joseph Henrich lilitangaza matokeo ya mchezo wa kugawana fedha katika jamii 15 ndogo, Wahadzabe wakiwemo. Mtu mmoja hupewa kiasi, humpa mwenzake asiyemjua sehemu anayotaka, na mwenzake akikataa wote hukosa. Katika kambi ndogo za Wahadzabe wastani wa kilichotolewa ulikuwa kama robo, na katika kambi kubwa kama asilimia 40. Kukataliwa nako kulikuwa kwingi. Mtu akisoma jedwali lile peke yake atasema Wahadzabe ni wachoyo. Mtu aliyekaa kambini atasema nyama ya mnyama mkubwa hugawiwa kambi nzima. Nani mkweli?

Wote wawili, na hapo ndipo somo linapoanzia. Kugawana nyama kambini hufanyika mbele ya macho ya watu, penye kudai, kunung'unika na kukumbushana. Mchezo uliondoa macho hayo kwa makusudi ili upime nia ya mtu peke yake. Marlowe mwenyewe alilielewa hilo. Jaribio lilipima kitu halisi, lakini si kile ambacho neno "ukarimu" linakibeba katika maisha ya watu wale. Mwanafunzi atakayeuliza "kipimo hiki kinapima nini hasa?" kabla ya kuuliza "matokeo ni asilimia ngapi?" atakuwa ameelewa dhana ya uhalali kuliko aliyeikariri fasili yake.

Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zilikuwa na asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Miaka miwili baadaye Henrich, Heine na Norenzayan waliandika makala maarufu wakisema kwamba taaluma nzima imejengwa juu ya watu wasio wa kawaida kabisa. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kutafuta watu wa aina nyingine, na waliopatikana kwa wingi ni Wahadzabe na wenzao. Tazama kilichotokea hapo. Upande mmoja yuko mwanafunzi wa Marekani. Upande wa pili yuko mwindaji wa Eyasi, akichukuliwa kana kwamba anawakilisha zamani za kila mtu, ilhali ni raia wa leo ambaye mwaka 2011, pamoja na jamii yake, alipata hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000 baada ya miaka ya kusukumwa na mifugo, mashamba na kampuni za uwindaji. Kati ya hao wawili kuna Mgorowa muuza mbaazi, Mwairaqw mwalimu wa msingi, Mmbugwe mkulima wa mpunga wa Magugu, Mbarbaig aliyeuza ng'ombe akanunua bodaboda. Hawa ndio wengi. Hawavutii jarida kwa kuwa si wa kale vya kutosha wala si wa kisasa vya kutosha. Mtu wa Babati bado hajaingia katika saikolojia, wala hakuna wa kumwingiza humo isipokuwa sisi.

Hanang: kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Kuna wanaodhani kwamba mbinu za utafiti ni mambo ya darasani. Waende Basotu, wilayani Hanang. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali, baadaye kupitia shirika lake la NAFCO na kwa msaada wa Canada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano, ambayo hatimaye yalifika saba na kuchukua takriban ekari 100,000. Nyanda zile zilichukuliwa kuwa ardhi isiyotumika. Zilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, waliohamisha mifugo kwa msimu kufuata majani, maji na chumvi, na zilikuwa na makaburi ya wazee wao.

Je, wataalamu walidanganya? Sidhani. Walipima kwa uangalifu mavuno kwa ekari, mvua, gharama za mafuta na vipuri. Kipimo chao kilikuwa ngano, na malisho yanayotumika miezi mitatu kwa mwaka hayana mstari katika jedwali la ngano. Kisichokuwa na mstari kilihesabiwa sifuri. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana iliyokuwamo katika sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Watu walioishi pale kwa vizazi walishindwa kwa kipengele cha ushahidi. Kila ninapofundisha somo la fasili za kiutendaji, yaani namna tunavyoamua neno fulani litapimwa kwa nini, huwakumbuka. Neno "ardhi isiyotumika" lilikuwa fasili ya kiutendaji.

Jibu lililotoka kwetu

Ingekuwa dhuluma kuhitimisha kwamba historia hii ni ya kutendwa tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa katika miaka yake ya mwanzo uwanja wa kuuliza elimu ni ya nani. Mwaka 1971 Paulo Freire alizuru Dar es Salaam. Wakati huo Budd Hall, kijana kutoka Marekani, alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoendesha mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo karibu watu milioni 2 walishiriki kwa kukaa katika vikundi, kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo. Katika mazingira hayo Hall na wenzake walianza kutilia shaka dodoso linalomchukulia mwanakijiji kama kisima cha kuchotwa data, na kutoka hapo likaenea duniani jina la utafiti shirikishi.

Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja Tanganyika kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 na baadaye akaishi na kuwachunguza Wazaramo, alikuwa katika njia hiyohiyo. Akiwa na ofisi ya utafiti wa rasilimali na ardhi pale Mlimani, aliwatuma wanafunzi Watanzania vijijini wakaishi na watu na kutafiti pamoja nao. Kati ya mwaka 1975 na 1979 aliongoza, kwa ushirikiano na wizara iliyohusika na utamaduni, mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ambamo wanakijiji, watumishi wa serikali na watafiti waliyatazama matatizo kwa pamoja. Leo vitabu vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vikiandika chimbuko la utafiti shirikishi huitaja Tanzania. Mpwa wangu amemaliza muhula mzima bila kuisikia Jipemoyo.

Tuliisahau kwa sababu miaka ya 1980 ilikuja na njaa ya fedha. Mishahara ya wahadhiri ilipoporomoka, ushauri elekezi kwa wafadhili ukawa shamba la pili, na swali likaja limekwisha kuandikwa na anayelipa. Mahmood Mamdani, aliyeongoza kuanzia mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere (ndiyo mrithi wa ile aliyofanyia kazi Ainsworth), aliliandika hili kwa ukali mwaka 2011: mshauri hutafuta majibu ya maswali ya mteja, ilhali mtafiti ni yule anayelitunga swali. Ninaongeza kwamba wanafunzi wetu wanafundishwa mbinu za ushauri elekezi na kuambiwa ni mbinu za utafiti.

Dola nayo imekuwa na sauti yake. Baraza la utafiti la taifa, UTAFITI, lilianzishwa mwaka 1968, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Vibali vya utafiti hupitia huko, na ni haki ya taifa kujua nani anachukua nini. Lakini Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ilivyorekebishwa mwaka 2018, ilifanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa adhabu hiyo, na ni vizuri yaliondolewa, kwa maana mwanafunzi anayeogopa matokeo yake huyakadiria kabla hajayapima. Ndilo lililomtokea bibi wa mbaazi, ila yeye alikuwa upande wa kuulizwa. Woga wa kusema hapana ni uleule.

Turudi sokoni

Nini kifanyike? Sina mpango mkuu. Nina mambo machache yasiyohitaji bajeti.

La kwanza ni lugha. Mkoa wa Manyara una Kigorowa na Kiiraqw, Kidatoga na Kimaasai, Kimbugwe na Kihadza. Ni sehemu chache sana barani ambako lugha za asili zilizo mbalimbali kiasi hiki hukutana. Swali la "msongo wa mawazo" lililotungwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili cha kamusi, kisha likajibiwa na mtu anayefikiri kwa Kigorowa, limevuka mito mitatu. Kabla ya kuuliza mara ngapi mtu ana msongo, mwanafunzi aulize kwanza watu huliitaje jambo hilo kwao, nani huambiwa linapompata mtu, na hutibiwaje. Hiyo tayari ni saikolojia.

La pili ni ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023, nayo inampa raia haki juu ya habari zake. Lakini ridhaa haimo katika saini. Imo katika uwezekano wa kukataa bila kupoteza kitu. Mtumishi wa halmashauri anayepeleka dodoso akiwa ameandamana na mtendaji wa kijiji ajue kwamba amekusanya utiifu, hajakusanya maoni.

La tatu ni kurudi. Kila tasnifu ya shahada ya kwanza iliyofanywa Babati iache ukurasa mmoja wa Kiswahili katika ofisi ya kijiji au mtaa, na mwandishi wake asimame mkutanoni ausome. Watu wataisahihisha. Hilo likitokea, mwandishi asikasirike. Ndiyo marejeo bora atakayopata.

Siku tatu baada ya zoezi lile, binti alirudi sokoni bila bahasha. Alinunua mbaazi kilo mbili, akaketi kwenye gunia, akamuuliza bibi jambo moja tu: "Bibi, usiku ukikosa usingizi huwa unawaza nini?" Walikaa saa nzima. Bibi alieleza mambo ya shamba lililogawanywa, ya mwanawe aliyekwenda machimboni Mirerani asipige simu, na ya mvua. Mara mbili binti alikisia vibaya, na mara mbili bibi alimwambia, "Hapana, mjukuu wangu, sivyo."

Msimamizi wake chuoni huenda akamwambia kwamba mhojiwa mmoja hatoshi, naye atakuwa amesema kweli. Atahitaji wengine wengi, na atahitaji hesabu, kwa kuwa huzuni ya mtu mmoja haiwi takwimu ya mkoa. Lakini sasa analo swali ambalo watu wa Babati wanaweza kulijibu kwa hapana. Dodoso lake la pili litaanzia hapo.